Fundi Anayepima Gari kwa Mizani ya Mpunga

Saa moja asubuhi mashine ya kukoboa mpunga ya Rujewa bado haijawashwa, lakini uani watu wamekwisha kujaa. Hawakuleta mpunga. Wamekuja kutazama gari.

Ni gari dogo la michezo, jekundu, la Kijapani. Limekaa juu ya magogo, na gurudumu la nyuma la kushoto limeng'olewa. Mahali pa gurudumu imefungwa puli ya mashine, juu ya puli umepitishwa mkanda mkuukuu wa ngozi, na ncha ya mkanda imefungwa kwenye mizani ya kupimia magunia.

Kando ya mizani amechuchumaa mwanamke aliyevaa suruali ya kazi na kanga kiunoni. Jicho lake haliondoki kwenye mshale.

"Pandisha kidogo! Elfu mbili, usizidishe!"

Ndani ya gari, Danieli Kasian anatazama saa ya mizunguko ya injini na kukanyaga mafuta taratibu. Mkanda unakaza na kuanza kutoa moshi, mtu mmoja anaumwagia maji kwa kopo, na mshale unapanda kidogo kisha unasimama.

"Kilo ngapi, Mama Shija?"

"Kumi na tisa."

"Na jana?"

"Kumi na tisa hiyo hiyo."

Watu wanaguna. Kilo kumi na tisa hazifiki hata madebe mawili ya mpunga, na hili ni gari ambalo vijana wa Mbeya na Iringa wanalizungumzia kama ndege.

Leokadia Mihayo, ambaye hapa wote humwita Mama Shija, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hagutuki. Anaandika tarakimu hiyo kwa chaki ukutani, anajifuta mikono, na kwenda kuwasha mashine ya kijiji. Kazi anayolipwa shilingi mia tatu kwa mwezi haiwezi kungoja.

Hiyo ilikuwa Jumanne, na mbele yake zilibaki siku nne tu kabla ya gari kushindana.

Leokadia anataka kufanya majaribio ya ufundi, daraja la tatu. Fomu yake inahitaji saini ya msimamizi wa mafundi anayetambuliwa, na wa karibu ni Mzee Saulo, wa gereji moja mjini Mbeya. Mara mbili alikwenda, na mara mbili alirudi na fomu tupu.

"Alinipokea vizuri, hata chai alinipa," anasimulia Leokadia. "Ila aliniambia, 'Mama, mashine yako ni ya dizeli, tena imesimama mahali pamoja. Niletee injini ya petroli uliyoitibu mwenyewe, niione ikifanya kazi kwa macho yangu.' Nikamwuliza, gari la petroli nitalipata wapi mimi, Rujewa?"

Gari likaja lenyewe, likivutwa kwa kamba.

Danieli ni dereva wa lori la misheni ya Kilutheri huko Iringa. Gari hilo alilinunua kwa mhandisi mmoja wa migodi ya shaba ya Zambia, aliyelichoka akaliacha kando ya barabara kuu. Akili yote ya Danieli ilikuwa kwenye mashindano ya Jumamosi, ya kupanda mlima katika barabara ya Mbeya kwenda Chunya.

"Kwenye tambarare linatia fora," anasema. "Lakini pale mlimani Kitonga nilipitwa na lori la saruji. Limejaa! Utingo wake akanipungia mkono. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke."

Injini ya gari hilo haina pistoni. Ndani yake kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, na ndiyo sababu mafundi wa mjini waliifungua, wakaifunga, wakamtakia Danieli safari njema, ndipo akalivuta hadi Rujewa. Zaidi ya hapo, mhandisi alikuwa ameitilia turbo aliyoitoa kwenye lori. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa ya ziada. Ile ya lori ilikuwa kubwa mno kwa moshi wa injini ndogo. Gari likikimbia feni iliamka, na likipunguza mwendo kwenye kona, feni ililala na gari likalala nayo.

Leokadia aliutambua ugonjwa huo siku ya kwanza. "Watu wanachanganya mbio na nguvu," anasema. "Sisi Wasukuma tukichagua ng'ombe wa jembe, hatumwangalii anayekimbia. Tunamtaka yule ambaye jembe likizama, analing'oa akiwa amesimama. Hili gari lilikuwa la kukimbia tu."

Elimu hiyo hakuipata darasani. Baba yake, Mzee Mihayo Maganga, aliihamisha familia kutoka Shinyanga akifuata malisho ya Usangu, na badala ya kuchunga akaangukia kwenye mashine ya kukoboa. Miaka ishirini ya kelele ilimla masikio. Binti alianza kwa kumsikilizia baba injini na kumwonyesha kwa vidole tatizo liko wapi. Baba alipostaafu, hakuna aliyeuliza nani atashika spana.

Jumatano alipiga moyo konde na kufanya jaribio la kwanza. Alikumbuka kwamba feni ya kupeperushia pumba ikipungukiwa nguvu, baba yake alikuwa akiubana mdomo wa bomba kwa bati, na upepo ukapata makali. Basi naye akaubana mdomo wa bomba linalopeleka moshi kwenye turbo, kwa kipande cha chuma alichokichomea ndani.

Kwa mizunguko elfu mbili mshale ulifika ishirini na saba. Uani kukawa na shangwe, na Danieli akatoka kucheza. Leokadia akamrudisha garini. "Panda elfu nne."

Kwa elfu nne, ambako zamani gari lilivuta kilo arobaini, mshale ulianguka hadi ishirini na sita. Bomba likawa jekundu kama kaa la moto.

"Mama Shija, umeniua," alisema Danieli, akaketi chini na kushika tama.

Leokadia anakiri kwamba siku hiyo alilia, nyuma ya ghala, peke yake. Aliona fomu ikimponyoka. Mzee Mihayo ndiye aliyemfuata. Alikuwa ameweka kiganja kwenye injini wakati ikinguruma, kwa kuwa siku hizi husikia kwa mkono.

"Pumzi ya kuingia inayo," alimwambia bintiye kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Ya kutoka ndiyo umeinyima. Usimkabe ng'ombe shingo halafu ukamdai alime."

Dawa haikuwa kuibana turbo kubwa, ilikuwa kupata ndogo. Lakini kuipata wapi? Tangu mpaka wa Kenya ufungwe mwezi wa Februari mwaka huu wa 1977, hata plagi ni za kutafuta kwa tochi. Alhamisi Leokadia alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba kibali cha kulifungua trekta bovu lililolala miaka miwili kando ya mfereji. Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoa kibali.

Turbo ya trekta ilikuwa ndogo kuliko ile ya lori, ya saizi ya sahani ya ugali. Leokadia aliisafisha kwa mafuta ya taa, akalikata bomba la moshi liwe fupi, akalizungushia kamba ya asbesto ili moshi ufike ukiwa na moto wake. Ijumaa jioni mkanda ukarudi kwenye puli. Elfu mbili, kilo thelathini na moja. Elfu nne, thelathini na nane.

"Juu tumepoteza mbili, chini tumeongeza kumi na mbili," aliwatangazia watu. Mama mmoja aliyekuwa akingoja pumba alisema angekuwa yeye, biashara hiyo angeifanya kila siku.

Jumamosi, kona ya sita ya barabara ya Chunya ilikuwa vumbi tupu. Hapo mlima umesimama, hewa ni nyepesi, na kona imejikunja. Mzee Saulo, aliyekuja kuiona injini kwa macho yake kama alivyotaka, alikuwa amesimama ukingoni na kofia yake mkononi. Leokadia alisimama hatua mbili kutoka kwake, roho juu.

Magari matano yalipita, yote yakilia kwa gia ya kwanza. La sita lilikuwa jekundu. Liliingia konani kwa gia ya pili, likashuka mwendo kiasi kwamba Leokadia alifumba macho, na hakuyafumbua mpaka aliposikia injini ikijivuta, ikijivuta, kisha ikipanda bila kubadilisha gia.

Danieli alimaliza wa nne kati ya magari tisa. Mzee Saulo hakungoja matokeo.

"Lete hiyo karatasi, fundi," alisema.

Alitia saini juu ya boneti la Land Rover, kisha akaigusa nafasi moja iliyoachwa wazi. "Hapa panasema umefundishwa na nani. Mbona hukujaza?"

"Baba hana cheti, Mzee."

"Nimekuuliza jina. Cheti sijauliza."

Leokadia akaandika.

Majaribio yatafanyika Oktoba. Akifaulu, anakusudia kuwachukua wasichana wawili wa kijijini wanaotaka kujifunza ufundi. Mmoja ameshamwuliza suruali za kazi zinashonwa wapi. "Sitaki wajifunze kwa kuchungulia," anasema. "Nataka waandikwe."

Jumapili alimpelekea baba yake fomu. Mzee Mihayo amejua kusoma juzijuzi tu, katika kisomo cha watu wazima, naye huenda herufi kwa herufi. Aliifuata mistari kwa kidole mpaka kidole kikasimama. Akalisoma jina lake mara ya pili.

"Sasa ufaulu," alimwambia bintiye. "Na mimi nimo humu."