Trela nyepesi ya farasi iliyookoa Dolly, na Mmarekani wa Ruiru bado akaikataa

Wakuu, niaje. Hii kitu imenikaa rohoni tangu miaka ya tisini, leo acha niitoe vile ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Nilikuwa welder kwa garage moja Thika, upande wa Makongeni. Mdosi alikuwa Mzee Njoroge, mtu mpole, lakini akiona kitu ya ng'ambo anainunua kwanza, maswali baadaye.

Siku moja akaleta trela mbili za farasi kutoka Ulaya.

Nyepesi kabisa. Ukuta wa mbao, paa ya plastiki ngumu. Hata Peugeot ya kawaida ingevuta.

Ya kwanza ilichukuliwa haraka na Mwingereza wa shamba la kahawa. Ya pili ikakwama.

Hapo ndio nilianza kukosa usingizi. Kazi ilikuwa imepungua, bibi yangu Wanjiru alikuwa karibu kujifungua, na Mzee alikuwa amesema hiyo trela isipoenda, fundi mmoja ataenda. Wa mwisho kuandikwa nilikuwa mimi. Gari yoyote ikipunguza mwendo kwa gate, naweka welding chini.

Akaja Madam Carol, Mmarekani wa kufuga farasi Ruiru. Akagonga ukuta wa trela na konzi.

"Hii ni ya farasi ama ya kuku?"

Akatuambia kwao trela ni chuma tupu, ndefu, pana, inavutwa na pickup kubwa. Farasi wake akipiga hiyo mbao teke, mguu utatokea nje. Akaenda zake.

(Kusema ukweli, Waingereza walikuwa wanabeba farasi kwa hizo trela kila weekend na hakuna mguu ulitokea nje. Lakini nani atabishana na customer?)

Mvua ikaja. Asubuhi moja simu ikalia. Ni Wambua, mtunza farasi wa Madam. Farasi jike anaitwa Dolly alikuwa amefungwa tumbo, hanyi, na vet anataka apelekwe kwa clinic yake Nairobi mara moja. Trela yao ya chuma ilikuwa imezama kwa matope na pickup yenyewe.

Mzee akaniambia, "Funga ile nyepesi kwa Peugeot, uende."

Nilipata Madam akiwa na matope hadi magotini. Aliangalia trela, akafungua mlango wake mwenyewe. Dolly alikuwa ameloa jasho, anageuza shingo kuangalia tumbo lake. Wambua akamwongelesha polepole hadi akapanda. Mbao zikalia.

Hiyo safari, wakuu, sitasahau.

Lori ikitupita, trela inayumba. Dolly akipiga teke, nasikia kwa mgongo wangu.

"Polepole," Madam ananiambia kutoka kiti cha kando. Kabla sijabadilisha gear: "Kwani huwezi kuharakisha?"

Tukafika. Vet akampitishia mpira kwa pua hadi tumboni. Mchana Dolly akanya, na sijawahi ona watu wazima wakifurahia mavi hivyo.

Baada ya siku chache Madam akaja garage. Mzee alikuwa ameosha trela inang'aa. Mimi nikajua, hapa imeuzwa.

"Dolly yuko hai kwa sababu ya hii trela," akasema. "Lakini siwezi kuinunua."

Nikauliza, "Mbona, Madam?"

"Sikupumua njia yote. Nataka nikifunga mlango, nisahau."

Nilikasirika sana. Mzee akanigeukia. "Na wewe, ulipumua?"

Nikafikiria. "Hapana, Mzee."

Akachukua chaki, akampa Madam. "Basi tuchoree ile utapumua nayo."

Akachora pale pale kwa sakafu. Tukamjengea ya chuma, nzito kama lori, na mkono wa kwanza kwa hiyo chuma ulikuwa wangu. Kazi nikabaki nayo. Ile nyepesi ilienda baadaye kwa Mwingereza mwingine, watoto wake walikuwa na pony.

Kitu nilijifunza: mtu anaweza kukushukuru na roho yake yote na bado asinunue. Hajakudharau. Kitu inaweza kuwa nzuri na isiwe yake, na ukibishana na woga wake, utampoteza yeye na kazi.

Wenye mmewahi kuuza kitu mnaiamini kwa mtu ambaye haikumkaa, hebu semeni hapa chini mlifanya nini. Na kama kuna mtu amewahi kuvuta farasi mgonjwa, huyo aanze.