Reli Iliyokuwa Mpaka wa Koko

Mwezi uliopita nilitoka Goma nikapanda milima ya Masisi, simu mfukoni, kuitafuta reli ya utoto wangu niipige picha. Usinicheke, rafiki. Haikuwa ya treni. Zamani shamba la chai lililokuwa juu ya kijiji chetu liliteremsha majani hadi barabarani kwa visanduku vya chuma vyenye magurudumu, watu wakivisukuma kwa mikono. Nilipozaliwa wenye shamba walishaondoka. Vyuma viwili tu vilibaki vimelala nyasini, nasi watoto tukitembea juu yake na viazi vya kuchoma mkononi, tukiungua vidole.

Nyanya yangu, tuliyemwita Koko, alilima maharagwe upande wa chini wa reli, hadi mtoni; upande wa juu lilikuwa shamba la jirani. Wengine walipanda miti ya mpaka. Koko alikataa katakata.

“Muti, watu wanaweza kungoa,” alisema akipuliza moto. “Chuma haina miguu.”

Miguu tulikuwa nayo sisi. Mhunzi wa sokoni alitaka chuma cha kufua majembe, na sisi tulikuwa marafiki watatu wapenda mandazi. Msimu mzima tulilegeza reli kwa mawe, kipande kwa kipande, tukaibeba mabegani hadi kwa mhunzi, tukiimba. Koko alipogundua, vita vilikuwa vimefika, akawalaumu wenye bunduki waliopita. Nikanyamaza. Muda mfupi baadaye tulikimbilia Goma, na Koko yuko mtaa wa Ndosho hadi leo.

Mwaka huu alisikia kwamba jirani amelima mpaka mtoni. Akamwendea chefu, mkuu wa kijiji chetu, ambaye naye sasa anaishi Goma. Chefu akataka ushahidi: picha ya mabaki ya reli, hata kidogo. Ndiyo maana nilitumwa mimi, mwizi mwenyewe.

Nilizunguka siku nzima. Nilipiga picha mawe, mfereji, maharagwe mazuri ajabu. Mtoto wa jirani, kijana mwenye adabu, aliacha palizi akaja.

“Reli gani, papa? Hapa hakukuwaka reli.”

Hakuwa anadanganya. Alizaliwa baada ya sisi kukimbia.

Niliporudi Ndosho nilimweleza Koko yote. Aliendelea kuchambua maharagwe.

“Utasema hivyo kwa chefu,” aliniambia mwishowe. “Weye muizi ndiye unajua fasi reli ilipita.”

Basi nikasimama mbele ya chefu na wazee wake, mtu mzima mwenye watoto, nikasema niliiba. Nikawachorea kwenye karatasi reli ilipopita. Aibu ilinichoma masikio. Chefu alinisikiliza vizuri, akaiangalia karatasi yangu, kisha akauliza kwa upole:

“Chuma ile, mutoto moja hawezi kubeba. Wenzako wako wapi, waseme na weye?”

Nikasema hawapo. Mmoja tulimzika kando ya njia tukikimbia. Wa pili alishika njia nyingine na mama yake, na sijasikia habari zake tena.

Chefu alinirudishia karatasi. Koko akajifunga kitenge chake, akasema twende nyumbani. Shamba limebaki kwa jirani, nami nasikitika, sitakuficha. Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine: hakuna tena mtu duniani wa kuniambia, kweli, tulikuwa watatu.