Jina la Baba Mkwe

Tusekile alikuwa ameishi miaka sita kijijini Makwale akiwa mke wa Gwamaka, na katika miaka hiyo yote baba mkwe wake hakuwahi kumwambia hata neno moja. Msidhani waligombana. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye wala halitaji jina lake, na baba mkwe haingii alimo mkamwana. Wengi siku hizi wameshaiacha desturi hiyo, lakini mzee huyu alikuwa wa kizamani, na mwacha mila ni mtumwa. Jina lake nitalitaja mimi, maana si mkwe wangu: aliitwa Amon.

Mwingine angeshukuru kunyamaziwa na mkwe. Tusekile alifiwa na baba akiwa bado anabebwa mgongoni, na alipoolewa alijiambia kwamba sasa amepata baba. Alichopata ni kikohozi cha mzee tu, nyuma ya ukuta. Gwamaka alikuwa machimboni Chunya, akipiga simu Jumapili tu. Kila asubuhi mkamwana aliweka uji barazani, akajificha ndani, akasikiliza kijiko, akitamani neno, hata la kugombezwa.

Amon alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa kakao mpaka presha ya macho ilipompofusha. Sasa chama kilitaka programu mpya ya kompyuta, inayomsomea asiyeona kwa sauti, ili mzee arudi kwenye kiti chake. Fundi wa programu hiyo, Jubilate wa Mbeya, alimpa Tusekile kazi ya kuijaribu, maana alisomea kompyuta na hakukosa bando la intaneti.

Kubonyeza mamia ya vitufe kwa mkono kila programu inapobadilishwa ni adhabu. Kwa hiyo Tusekile aliandika maagizo kwa Ruby, lugha ya kuiamrisha kompyuta, kompyuta ikawa inajibonyeza yenyewe. Maagizo hayo hayana macho. Yanapita njia ileile waliyotengenezewa wasioona: kila kitu kwenye skrini kimepewa jina, nayo yanakiita kwa jina lake. Ukikosea jina, hakipatikani.

Majaribio thelathini na tisa yakapita. La arobaini likagoma siku tatu. Jubilate akayasoma maagizo, akapiga simu.

"Dada Tuse, hapa umeandika 'Mwenyewe'. Mwenyewe ni nani?"

"Ni katibu."

"Kwenye orodha hakuna Mwenyewe. Kuna Amon. Liandike jina kama lilivyo, kisha uwashe sauti, usikie kama inasoma vizuri. Hili lisipopita leo, chama kinatafuta katibu mwingine."

Tusekile akakaa mbele ya kompyuta, vidole mapajani. Herufi nne tu. Angeweza kumwomba Jubilate aliandike yeye. Lakini, tuseme ukweli, alitaka kuliandika. Miaka sita alikuwa akilimeza.

Akaliandika. Akawasha sauti, akabonyeza.

Sauti ya kompyuta, kavu kama ya mtu mwenye mafua, ikasema kwa nguvu: "Amon."

"Naam," mzee akaitika barazani.

Tusekile akaganda. Maagizo hayakuganda. Yakashuka kwenye kitufe kinachofuata, kile cha kumfungulia katibu programu, na sauti ikakisoma: "Ingia."

Barazani kiti kikatoa mlio. Fimbo ikagonga sakafu, ikaja, ikasimama mlangoni. Hapakuwa na pa kukimbilia. Akajifunika kitenge usoni, mbele ya mtu asiyeona.

"Siwezi kuingia, mwanangu," Amon akasema.

Kwenye skrini jaribio la arobaini lilikuwa limepita, na kiti cha katibu kilikuwa cha mzee, lakini Tusekile hakuangalia. Mwanangu. Neno alilolitamani lilikuwa limefika, na palepale desturi ilimkataza kulijibu. Akalia ndani ya kitenge, akiuma pindo ili asisikike.

Mzee hakuondoka. Akashika mwimo wa mlango, akashuka polepole, akaketi kizingitini, mgongo wake ukielekea chumbani.

"Mwambie huyo wa kwenye kompyuta aniite tena," akasema.

Tusekile akabonyeza.