Kamba ya Meta Tisa

Mnisamehe mwandiko huu unaopanda na kushuka, na maneno niliyokosea. Shule yangu ilikomea darasa la sita na ninaandika juu ya goti. Rafiki zangu wa darasa letu la Kolwezi, hata leo naona haya kuyasimulia haya.

Tulipofukuzwa Kolwezi sisi wenye asili ya Kasai, tulikaa wiki nyingi kwenye uwanja wa gare, yaani stesheni, tukingoja treni ya Kasai, na kwa kuwa watu waligombana kila siku juu ya mahali pa kulala, Tata Mukendi, mkubwa wa mstari wetu wa familia, akaamua kila mtu apate meta mraba moja na kila familia izungushie mraba wake kamba. Akauliza nani anajua hesabu. Mimi (ambaye darasani sikuinua mkono hata mara moja, mnanijua) nikainua.

Familia ya Mama Ngalula, jirani yetu, ilikuwa watu kumi na sita. Nikakumbuka mraba wa ubaoni: upande ni nne; kuzunguka ni nne mara nne, kumi na sita; eneo la ndani ni nne mara nne, kumi na sita. Nikakata meta kumi na sita, wakatoshea wote, watu wakasema, "Huyu mutoto anasoma kweli," na kichwa kikavimba. Sisi tulikuwa tisa, basi nikakata meta tisa, na kamba iliyobaki ikapelekwa mstari mwingine.

Kila upande ukatoka meta mbili na robo. Tukajaribu kulala kwa ubavu, wapi. Nkambo, mama yake mama, anayeumwa mgongo (na ni yeye hasa niliyemtafutia mahali pazuri), miguu yake ikabaki nje ya kamba, njiani, watu wanairuka.

"Banatufukuza ku nyumba," akasema polepole, "sasa weye unafukuza miguu yangu?"

Mstari mzima ukacheka. Nilitamani treni ije saa ile ile inichukue peke yangu.

Mama Ngalula alicheka kidogo tu. "Mwana, fungua kamba yako, uifunge ku yetu. Tuko batu ngapi pamoja?"

"Makumi mbili na tano, Mama."

Nikachora mchangani, mbele ya wote: upande mara upande ni ishirini na tano, basi upande ni tano, kuzunguka, tano mara nne, ishirini. Na kamba tulikuwa nayo meta ishirini na tano. Tukasogea kidogo upande wa reli, Nkambo akanyoosha miguu, na zile meta tano zilizobaki tukafungia magodoro.

Sikati tena kitu cha watu kwa hesabu niliyoijaribu mara moja. Lakini niandikieni, tafadhali: mwalimu alituonyesha mraba mwingine, au ni ule wa nne peke yake, ambao kuzunguka na ndani ni sawa? Nkambo bado ananiuliza.