Unene wa Kumkomboa Mwanangu

Mama mkwe alimchukua binti yangu mchana kweupe, majirani wakitazama. Alisimama mlangoni kwangu akasema kwa sauti ya kufika hadi bombani: "Mtu ameshindwa kujinenepesha mwenyewe, atamnenepesha mtoto? Siku ukiwa na nyama, njoo umchukue."

Mume wangu, ambaye alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwenye mwili, alisimama nyuma ya mama yake ameshika mfuko wa nguo za mtoto. Mama alipogeuka, akamfuata.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa mwembamba, mama yangu alikuwa mwembamba, akafa mzee na meno yake yote. Lakini ukoo ule uliniita Njiti tangu siku niliyoolewa. Wifi yangu akiniona tu: "Fungeni dirisha, Njiti asipeperuke!" Nilicheka nao, maana mke mgeni hucheka hata akichomwa. Baadaye utani ukawa minong'ono: ni mgonjwa huyu. Nikapimwa kila kitu, nikawaletea majibu safi. Wakasema nimehonga.

Basi nikaanza kuzitafuta hizo nyama. Sokoni kulikuwa na muuza unga wa kunenepesha. "Dada, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Utarudi kunishukuru, mlango haukutoshi." Nikanywa. Uso ukajaa, magauni yakanibana. Nikafumua mishono, nikaachia kitambaa, nikafumua tena, huku naimba. Fundi huamini mshono kuliko kioo. Mshono ukisema umenenepa, nani atabisha?

Nikaenda kwa mama mkwe. Wifi akanizunguka kama anayekagua mbuzi. "Mh! Uso kama chungu, miguu kama mito, mikono njiti ileile. Mama, njoo uone mtu aliyejaa maji!" Hata kiti sikupewa. Nilimsikia binti yangu ndani akiniita, kisha mlango ukafungwa.

Wifi ni mshenzi, lakini hakukosea. Muuguzi wa zahanati alinibonyeza mguu kwa kidole gumba na shimo likabaki.

"Haya ni maji, mama, si nyama. Huo unga umechanganywa dawa. Usiuache ghafla, daktari akuone kwanza, akuachishe taratibu. Wewe huumwi, ndivyo ulivyoumbwa. Ukitaka kuongeza mwili, usisubiri njaa. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Uji utie maziwa na karanga za kusaga. Maharage, mayai, parachichi. Ubebe na vitu vizito, misuli ijengeke. Na ulale."

"Nitalalaje, dada, mwanangu hayupo?"

Akaniandikia karatasi ya kwenda kwa daktari.

Baada ya daktari nikafuata maneno yale. Kula peke yako katika chumba alichotolewa mtoto ni kazi ya kuponda mawe. Nilikula kwenye cherehani, mkono mmoja kijiko, mwingine kitambaa, nikimeza kama mtu anayemeza vidonge. Niliwabebea majirani ndoo zao za maji, wakanicheka kuwa nimeacha ufundi nimekuwa punda. Uso ulipungua kwanza, mifupa ikarudi, nikalia siku nzima. Ndipo, polepole mno, mabega yakaanza kujaa. Mara hii kabla ya kugusa mshono nilibonyeza mguu. Shimo halikubaki.

Nikarudi kule. Mama mkwe akaniminya mkono kama anayenunua kuku. "Zimo," akasema. "Lakini mtoto ameshazoea hapa."

Sikungoja kukaribishwa. Nilimkuta mwanangu uani mbele ya sinia la chakula, tonge limemjaa shavuni, machozi yanaingia mdomoni. Wifi amemsimamia: "Meza! Nimesema meza!" Mikono ya mtoto ilikuwa myembamba vilevile kama walivyomchukua.

"Wifi," nikasema, "mmemlisha nyinyi, wenye nyama zenu. Mbona hazijamshika?"

Wifi akatazama chini. Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Amerithi mkosi wako. Tutamshindilia mpaka utoke."

Nikakinga kiganja chini ya kidevu cha mwanangu. "Tema, mama." Akatema. Nikambeba. Wifi akadaka gauni langu, likachanika begani. Sikugeuka.

Jioni walikuja wote, na mume wangu mbele. Nikasukuma cherehani nyuma ya mlango. Nilidhani leo atasema jambo kuhusu mtoto wake.

"Fungua," akasema. "Mama amekataa kula kwa sababu yako."

Wameondoka wakiapa kurudi na wazee wa ukoo, na mtoto akichukuliwa mara ya pili sijui nitadaiwa nini. Binti yangu anakula nusu yai, anaacha. Nimemruhusu kuacha akishiba. Cherehani sijairudisha mahali pake. Nashonea hapohapo mlangoni.