Silvesta na hedifoni zilizogoma kuharibika

Saa nne kasoro asubuhi, jua la Julai limeshatoka Makambako lakini halijapata nguvu ya kumvua mtu koti. Mbele ya meza ya Nasiri Shabani, jirani na stendi ya mabasi, Silvesta Mwalongo anatikisa kichwa. Anakitikisa kushoto, kulia, kisha anarukaruka palepale na raba zake zilizotoboka, hedifoni zikiwa masikioni.

"Kaka, unanunua au unapandisha mashetani?" Nasiri anamuuliza. Wauza karanga wanacheka.

Silvesta hacheki. Anazivua, anauvuta waya, anaukunja pale unapoingilia, anakagua skrubu kama zina dalili ya kutu. Kisha anatoa mfukoni hedifoni nyingine, za manjano, alizozinunua hapahapa mwezi wa kwanza. Anataka abadilishiwe.

"Zimeharibika?"

"Hazijaharibika."

"Upande mmoja umekufa?"

"Pande zote zinalia."

Nasiri anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Umesikia? Tangu nitoke Kondoa na mfuko mmoja wa mitumba, mwaka wa sita huu nauza hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza mteja ananirudishia kitu kwa sababu ni kizima!"

Silvesta, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni mbeba maziwa. Kila asubuhi hukusanya maziwa kwa akina mama wa vijiji vya barabara ya Njombe, huyafunga madumu mawili ya lita ishirini kwenye baiskeli na kuyaleta kwenye hoteli za hapa. Penye mteremko anapanda. Penye mlima anashuka na kuisukuma baiskeli mbio, maana maziwa hayasubiri mtu. Siku ikiwa njema anabaki na shilingi elfu mbili.

Miaka miwili iliyopita, vitu vya dukani vilipoanza kumwagika kila kona, alijinunulia redio ndogo ya kaseti ya kufunga kiunoni. Njia ikawa fupi. Tatizo likawa jasho.

"Jasho langu lingetosha kuungia mboga," anasema. "Hedifoni za kwanza zilikuwa za sponji. Wiki tatu, sponji limelegea kama ugali wa jana. Za pili zikashika kutu. Za tatu waya ulikatika nikikimbia. Za nne sitaki hata kuzisema."

Ndipo Nasiri akamwekea zile za manjano: hazina chuma, waya mnene, na vizibo vya mpira vinavyoingia ndani kabisa ya sikio. Bei yake ilikuwa shilingi elfu sita, mapato ya siku tatu. Mkewe, Tabea, alinuna wiki nzima.

Lakini zilikuwa hedifoni kweli. Jasho liliteleza, mvua ya masika ikazipiga, na hazikutoka sikioni hata alipokimbia. Dunia yote ilibaki nje ya vizibo. Silvesta anakiri kwamba alizipenda kupita kiasi.

Mwezi wa nne, asubuhi ya ukungu, alikuwa akiisukuma baiskeli kupanda mlima karibu na nyumba ya Stanley Mligo, mkulima aliyekuwa ameugua muda mrefu. Kichwa kilikuwa chini, miguu mbio, na mdomo, bila yeye kujua, ulikuwa wazi. Mtu aliyezibwa masikio haisikii hata sauti yake mwenyewe.

Huku desturi haina mjadala. Ukikuta msiba unavua kofia na kupita kimya, kama huwezi kusimama kabisa. Asubuhi ile Stanley alikuwa kwenye jeneza uani na watu walikuwa wameinama wakisali. Silvesta alipita mbele yao akiimba wimbo wa dansi unaomsifia msichana, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Wanaume wawili walimpungia mikono anyamaze. Naye akawapungia.

Mika, katekista, ndiye aliyetoka mbio akamchomoa kizibo kimoja. "Nikasikia mtu anaimba," Silvesta anasimulia, macho yakiwa kwenye meza ya Nasiri. "Nikajiuliza, nani huyu asiye na adabu? Kumbe ni mimi."

Aibu hiyo aliilipia mara moja. Akina mama walimnyima maziwa, na wiki iliyofuata alifika Makambako na lita kumi na mbili tu. Watoto walimwimbia ule wimbo kila alipopita.

Baada ya wiki mbili yeye na Tabea walikwenda kwa mjane, Mama Oktavia, wakiwa na kuku na debe la mahindi. Silvesta alipiga magoti akaomba radhi kwa siku ile. Anasema mama alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Akaniambia, 'Silvesta, siku ile ndiyo watu wengine walikuona. Sisi wa humu tulishakuzoea.'"

Kisha akamweleza. Tangu mwezi wa pili, Stanley alikuwa akiota jua pale kando ya barabara. Dawa zilipomwishia, kila Silvesta alipopita alimwita na kuinua mkono. Mkononi mlikuwa na cheti cha dawa na pesa, amnunulie kwenye duka la dawa la Makambako. Asubuhi tano alimwita.

"Nilimwona," Silvesta anasema. "Sitasema sikumwona. Nilidhani ananisalimia, nikampungia. Nikapita nikijiona mtu mwema."

Dawa alikwenda kuzitafuta Mama Oktavia mwenyewe, kwa miguu, kutwa nzima. Stanley alifariki hata hivyo. Hakuna anayesema Silvesta alimuua, na hilo halimsaidii kitu.

Mezani, Nasiri ameacha utani. Anachagua za sponji zenye upinde wa plastiki, zinazokaa juu ya sikio bila kuliziba. "Sponji utabadilisha, hazizidi shilingi mia," anasema. "Na barabara utaisikia."

Silvesta anazivaa, anawasha kaseti. "Vuka barabara, uniite."

Nasiri anavuka. "Silvesta!" Stendi nzima inageuka, na Silvesta pia.

"Siyo hivyo!" anapaza sauti. "Ita kama mgonjwa."

Nasiri anasita. Anaweka mkono kifuani na kumwita polepole, mara moja, mara ya pili. Silvesta amempa mgongo, anangoja. Anapogeuka na kuona midomo ya Nasiri ikicheza, anazivua na kuzirudisha mezani, kando ya zile za manjano.

Siku hizi anasafiri masikio wazi. Kwa Mama Oktavia huisimamisha baiskeli na kumwahi kwa salamu ya huku, "Kamwene, mama." Naye humjibu, "Kamwene," basi, anaendelea na kazi yake. Silvesta husimama kidogo na madumu yake kabla ya kuondoka, maana njia yake inakwenda Makambako, kwenye maduka.

"Sijamwuliza kama amenisamehe," anasema. "Nangoja anitume. Hata chumvi."