Shamba Lililoingoja Ndege

Juzi mjukuu wangu Eda alinifuata jikoni nikiwa nachambua maharage, akaniwekea simu mbele ya macho. "Bibi, hebu tazama hii." Nikatazama. Ndege imesimama chini, na kwenye ncha za mabawa yake, huku na huku, ina mapanga makubwa kama ya helikopta. Ikanyanyuka wima kama mtu anayeinuka kwenye kigoda, halafu ile mitambo ya mabawani ikalala taratibu ikaelekea mbele, ikaenda zake kama ndege nyingine yoyote. Nikamwuliza kama imeshapata kibali cha kubeba abiria. Akasogeza sogeza kidole, akasoma. "Wanasema bado kidogo, bibi. Inamalizia kupimwa."

Nikarudi kwenye maharage yangu. Hilo neno bado kidogo nimezeeka nalo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana huenda hukuifahamu Kasense nilikozaliwa mimi. Siku hizi ni mtaa wa Sumbawanga mjini, una nguzo za umeme na maduka ya soda. Utotoni mwangu ilikuwa nyasi na upepo. Ufipa yetu haina miti mingi. Ukisimama mlangoni unamwona mtu akiwa mbali kabisa, ukamjua kwa mwendo wake kabla hujamwona uso. Mwezi wa sita baridi ilituuma miguu mpaka tunagombea kusimama mahali alipolala ng'ombe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la mama, tambarare kama meza, likishuka kidogo tu kule mwisho kwenye kijito.

Mama aliitwa Sabina, na shamba lile alililima kwa ntumba. Kwa asiyezijua, ntumba ni vilima vya mviringo tunavyofinyanga kwa jembe. Mvua za mwanzo wa mwaka zikishalainisha ardhi na nyasi zikafika kiunoni, unakata bonge la udongo pamoja na nyasi zake, unaligeuza nyasi ziangalie ndani, unapanga kwa duara na kurundika mpaka kilima kinapita magoti. Nyasi zinaozea humo. Juu yake unapanda maharage. Mvua za msimu unaofuata zikianza unakivunja kilima na kukisambaza, unamwaga ulezi, na ulezi huo unaota bila kumwomba mtu mbolea. Siku ya kuvunja ntumba, harufu inayotoka humo ndani ni kama ya pombe inayoanza kuchacha. Tulipenda kuingiza mikono mle, kulikuwa na joto.

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mama alipika kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mrija na maji ya moto, na asubuhi wakaja majirani na majembe yao. Nawakumbuka wote: Yustina, Felista mke wa fundi cherehani, Magdalena aliyelima akiwa na mtoto mgongoni, na Oresta mwenye sauti nene kama ya mwanamume, ambaye hakuacha kumtania mtu. Sisi wasichana tulilima nyuma yao. Mama alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Modesta, nyasi zako zinachungulia. Zifunike, unaziacha zikitazama watu." Shule ya darasani niliishia la nne. Hiyo nyingine niliimaliza.

Basi miaka ikapita, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikarudi kwa mama na wanangu. Ndipo ukaja wakati ule kila kitu kikawa ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikafika mpaka vijijini, na mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu. Mdogo wangu Deusi, kitinda mimba wetu, alikuwa fundi wa ndege Dar es Salaam. Akapunguzwa. Lakini hakukaa bure, maana kulikuwa na tajiri mmoja wa Chala, Bwana Ernesti, mwenye malori ya samaki wa ziwani, naye aliona sasa hata mtu binafsi anaweza kuwa na ndege yake. Akamchukua Deusi.

Deusi alifika nyumbani jioni, hata koti hakuvua.

"Mama, kuna ndege inatengenezwa Ulaya. Inapaa kama helikopta, ikiwa juu inalaza mitambo ya mabawani inakimbia kama ndege. Haitaki kiwanja kirefu. Shamba lako linaitosha."

"Itatua kwenye ntumba zangu?"

"Hapana, mama. Panatakiwa pawe tambarare na pagumu. Ikitua inapiga upepo chini, udongo laini utaruka wote uingie kwenye mitambo."

"Itabeba samaki wa Ernesti?"

"Samaki na wagonjwa. Bwana Ernesti amesema wagonjwa kwanza."

Mama akageukia upande wa ziwani. Nilijua anamfikiria nani. Dada yetu mkubwa, Sesilia, aliolewa kando ya ziwa, akashikwa na uchungu wa mtoto wake wa tatu wakati wa masika. Walimpandisha kwenye lori la samaki kumleta hospitali, lori likazama kwenye tope njiani, na Sesilia akafia pale pale, juu ya magunia. Barabara zetu enzi hizo zilikuwa hivyo. Mama hakupata kula samaki tena.

"Mwaka mmoja," akasema. "Msimu mmoja nitaacha kulima ntumba, kwa ajili ya Sesilia. Msimu unaofuata nataka shamba langu."

"Mwaka mmoja unatosha kabisa, mama. Imebaki kupitishwa tu."

Tukazivunja ntumba zilizokuwepo na hatukufanya nyingine. Ili ardhi ishikamane, Deusi alimwomba jirani yetu Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wengi, apitishe kundi lake shambani asubuhi na jioni. Ng'ombe wakakanyaga, wakala kila jani lililothubutu kuota. Deusi akapanga mawe kwa duara kubwa, akayapaka chokaa. Watu walitoka Izia kuja kulitazama lile duara. Watoto wakalichezea mpira.

Msimu ukaisha. Deusi akaja na habari kwamba bado. Mama akamwuliza bado nini, kama imeshatengenezwa na inaruka. Hapo ndipo Deusi alipotueleza jambo ambalo mimi mpaka leo nalielewa vizuri kuliko mengi niliyoambiwa na wasomi. Alisema huko wenye kutoa vibali wana sheria za helikopta na sheria za ndege, kila moja peke yake. Hii wakiipeleka kwa helikopta, wanasema ina mabawa, si yetu. Wakiipeleka kwa ndege, wanasema inapaa wima, si yetu. Sasa lazima sheria zake zitungwe upya, halafu ndiyo ipimwe kwa sheria hizo: injini moja ikizimika nyingine iweze kuzungusha mapanga ya pande zote mbili, ikikutana na barafu angani ivumilie, kila msumari uulizwe maswali.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni kama mtoto anayekataliwa na koo mbili. Sasa atabatizwa lini?"

Tulicheka sote, hata Deusi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu ikaitwa ndege isiyobatizwa.

"Nipe mwaka mmoja tena, mama."

Mama akampa. Na mwaka uliofuata akampa. Oresta akipita njiani alikuwa anapaza sauti, "We Sabina! Ndege wako hajatua tu? Au ameenda kutaga kwanza?" Na mama anajibu, "Anaatamia, Oresta. Vifaranga wakitoka nitakuletea mmoja umpikie mumeo." Walicheka wote wawili, lakini mama akiingia ndani alikaa kitandani muda mrefu bila kuvua viatu.

Kicheko kikapungua mbolea ilipopanda bei. Wakati wa nyuma serikali ilikuwa inatupunguzia, watu wakazoea ya mfuko, ntumba wakaziona kazi ya wazee. Sasa ruzuku ikaondolewa, mfuko ukawa wa wenye uwezo, na mahindi ya watu yakawa ya njano kama yana homa. Ndipo kila mtu Kasense akarudi kwenye ntumba. Ukisimama mlangoni kwetu unaona vilima vya Yustina kule, vya Magdalena huku, vyote vimejaa maharage, na katikati shamba la mama jeupe, limekaushwa kwa kwato, na duara lake la mawe. Sisi tukaazima kipande Izia. Mama alikwenda huko kwa miguu na jembe begani, na umri ule, anapita kando ya shamba lake mwenyewe kwenda kulima la mtu.

Mwaka mmoja nilimwambia Deusi mbele yake, "Mdogo wangu, mwangalie mama anavyotembea." Deusi akainamisha kichwa. Akasema kuna ndege ya aina ile imeanguka huko ng'ambo ikijaribiwa, sasa wameanza kukagua karibu kila kitu upya.

"Watu wamekufa?" mama akauliza.

"Wamekufa, mama."

Mama akakaa, akashika kichwa. "Basi wapime. Wapime vizuri. Wasije wakatuletea kitu cha kuua watoto wa wenzetu." Akauacha na msimu huo upite.

Mimi nilikasirika. Nilitaka yeye ndiye akasirike. Lakini ungemwambia nini mtu anayewahurumia wazungu waliokufa angani, na yeye mwenyewe hana ulezi ghalani?

Mwisho wake haukuwa na kishindo chochote. Bwana Ernesti alinunua mabasi. Biashara ya abiria wa Mbeya ilimlipa, ya ndege akaiacha, na hakuna aliyekuja kutuambia mpaka Deusi alipokuja mwenyewe. Alisimama mlangoni mvua ikimnyeshea, akasema, "Mama, lima shamba lako."

Mama alipika kimpumu siku ile ile. Kilipoiva wakaja wote: Yustina, Felista, Magdalena, na Oresta ambaye safari hii hakutania. Tukayatoa mawe. Oresta akapiga jembe la kwanza, likaruka likamrudia. Akapiga tena kwa nguvu, likang'oka bonge, likapasuka vipande vipande mkononi mwake kama mkate mkavu. Halikuwa na mizizi ya kulishika. Halikuwa na hata jani. Tukajaribu upande wa juu, tukajaribu katikati, ni vile vile.

Mama alisimama akishika kiuno. "Acheni, wanangu," akasema. "Hakuna nyasi. Tutafukia nini humo ndani?"

Wakaenda kunywa kimpumu chao, kwa kuwa kilishapikwa. Mama akatoa amri moja tu: shamba lisiguswe, ng'ombe wasipite, nyasi ziachwe zirudi. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake kuzitazama. Alikuwa anainama anazigusa kwa kiganja, kama unavyomgusa mtoto kuona kama homa imeshuka. Akirudi namwuliza, "Vipi, mama?" Anasema, "Zinakuja, lakini zina uvivu."

Alifariki nyasi zikiwa zinafika kwenye kifundo cha mguu. Zilitakiwa zifike kiunoni.

Misimu michache baadaye, kona ya chini karibu na kijito ilikuwa tayari. Deusi alirudi kutoka mjini, akachukua jembe la mama, akaniomba nimfundishe. Mikono yake ilijua spana, haikujua jembe. Alilundika vilima vibaya, vimeegama, nyasi zimetokeza kila upande, nami nikawa napita nyuma yake nazifunika bila kusema. Maharage yakatoka. Tulikaa tukala, akaniuliza kama mama alikufa akiwa amemkasirikia.

"Hapana," nikamwambia. Na kweli hakukasirika. Alichoka. Deusi akaweka bakuli chini, akatoka nje.

Sasa naye ametangulia. Oresta ametangulia, na Yustina, na Magdalena, na Felista. Huko ng'ambo bado wanapima, na siwalaumu. Kitu cha kubeba roho za watu kipimwe. Hapa barabara ni ya lami, mgonjwa wa ziwani anafika hospitali akiwa hai, na hilo namshukuru Mungu kwa niaba ya Sesilia. Lakini sijui kama katika mtaa huu wote amebaki mtu wa kufinyanga ntumba ikakaa. Eda nilimweleza, akaniambia zinafanana na makaburi. Ile harufu ya joto inayotoka kilima kinapovunjwa, sina namna ya kumwonyesha kwenye simu.

Mji ulipofika Kasense, shamba la mama lilikatwa viwanja. Watu wanajenga. Wiki iliyopita nilipita pale, fundi mmoja aliyekuwa akichimba msingi akasimama kunipisha, kijana mwenye adabu zake, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Ahsante, bibi. Pagumu hapa! Lakini ardhi nzuri sana hii, imeshikamana. Nyumba ya hapa haitapata ufa."

Nikamwambia ni kweli, imeshikamana. Nikaendelea na njia yangu.